Sketi za gari jingine kwenye gari lako la zamani: kinachokubali na kinachokataa

Mwenye gari la zamani akizitafuta sketi za pembeni za modeli yake, yaani vile vipande vya plastiki au faibaglasi vinavyofunika ukingo wa chini wa bodi kati ya magurudumu, mara nyingi hukuta hazipo tena. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza, na zilizobaki kwenye magari yaliyokatwa vipuri zimepasuka au zimeshachukuliwa. Hapo macho huhamia kwenye modeli nyingine: kizazi kilichofuata cha gari lilelile, au ndugu yake wa milango miwili, au hata gari la kampuni nyingine ambalo sketi zake zimempendeza. Anamwendea fundi na swali moja: "Zitaingia?" Na fundi humjibu: "Zitaingia, tunakata kidogo."

Jibu hilo si la uongo. Karibu sketi yoyote itaingia kwenye karibu gari lolote ukiwa na msumeno, faibaglasi na siku za kutosha. Ila linazungumzia urefu tu, na urefu ndio jambo jepesi kuliko yote katika kazi hii. Sketi ndefu hukatwa, fupi huungwa. Kinachoamua kama kazi itadumu miaka au itaanza kugonga na kuachia kabla ya mwezi kwisha ni umbo: jinsi ukingo wa chini wa bodi ulivyopinda, na jinsi sketi inavyoukalia. Urefu unaweza kuusahihisha kwa mkato mmoja. Umbo likikataa, limekataa kuanzia tao la gurudumu la mbele hadi la nyuma.

Huo ukingo wa chini, ile boriti ya bati unayoivuka unapoingia ndani ya gari, nitauita kizingiti, kwa kuwa ndivyo ulivyo: kizingiti cha mlango. Kwenye magari yasiyo na chasisi ya pekee, yaani karibu magari yote madogo, kizingiti si pambo. Ni sanduku refu la bati lililofungwa pande zote, na ni sehemu ya mifupa inayozuia gari lisikunjike katikati. Lina matundu madogo chini ya kutolea maji, na mshono wa bati mbili zilizochomelewa pamoja ambao ndiyo sehemu ya kuwekea jeki. Sketi inakuja kufunika vyote hivyo. Kila uamuzi utakaoufanya baadaye unaigusa ile boriti, kwa hiyo ielewe kabla hujaipenda sketi.

Wapo wanaotaka sketi kwa sababu wamesikia zinalikandamiza gari barabarani. Asili ya maneno hayo ni ya kweli. Mwaka 1977 timu ya Lotus ilileta kwenye mbio za magari za Formula 1 gari la Lotus 78, na mwaka uliofuata Lotus 79, yenye sketi zilizoteleza juu na chini zikisugua lami, zikaziba pembeni ili hewa ya nje isiingie chini ya gari. Shinikizo chini ya gari likashuka na gari likavutwa chini. Dereva wao Mario Andretti alitwaa ubingwa wa 1978 kwa mashine hizo, na kufikia 1981 sketi za kuteleza zilikuwa zimepigwa marufuku. Lakini siri yote ilikuwa katika kule kugusa lami. Sketi ya gari la barabarani inaelea juu ya ardhi kwa sentimita 10, 15 au zaidi, na hewa inapita chini yake bila kubisha hodi. Inachokupa ni sura, na kinga kidogo dhidi ya mawe na matope yanayorushwa na tairi la mbele. Sura ni sababu ya kutosha, na mtu asione haya kuisema. Ila ukijua kwamba unanunua sura, utakuwa mkali zaidi kwenye mistari na nafasi, kwa sababu ndizo utakazoziona kila asubuhi.

Basi tuanze na vipimo. Watu hulinganisha umbali wa ekseli, yaani kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kwa sababu namba hiyo ni rahisi kuipata. Inasaidia kuchuja. Nissan Silvia S13 ina milimita 2475 na S14 ina 2525, kwa hiyo unajua mapema kuna milimita 50 za kushughulikia. Mercedes-Benz W124 ya milango minne ina 2800, lakini kupe, yaani ya milango miwili, ya familia hiyohiyo ina 2715, tofauti ya milimita 85 ndani ya jina moja. Toyota Corolla E100 na E110 zote zina 2465. Anayeishia hapo atasema sketi za E110 ni za E100 moja kwa moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Sketi haianzii katikati ya gurudumu. Inaanzia kwenye ukingo wa tao la gurudumu la mbele na kuishia kwenye ukingo wa tao la nyuma, na ukubwa wa matao hutofautiana kati ya modeli na modeli hata ekseli zikilingana.

Pima kwa hiyo kutoka tao hadi tao. Tena usipime mara moja. Tao ni duara, kwa hiyo umbali kati ya matao mawili hubadilika kadiri unavyopanda: usawa wa chini kabisa wa kizingiti una namba yake, na sentimita kumi juu yake pana namba nyingine. Sketi nayo ina kimo. Pima gari lako katika usawa huo wote wawili, upande wa kushoto na wa kulia, kisha pima sketi vivyo hivyo. Pande zote mbili, narudia, kwa sababu gari la zamani limewahi kugongwa na kunyooshwa, na si ajabu kukuta upande mmoja umepungua milimita sita kuliko mwenzake. Tofauti hiyo hukuiona kwa miaka yote, ila sketi mpya itaionyesha siku ya kwanza.

Sasa umbo, ambako ndiko kazi ilipo.

Chukua waya laini wa kulehemu, ule wa risasi, au waya wowote unaopinda na kubaki ulivyopinda. Uubandike juu ya kizingiti kuanzia chini ya mlango, ukiusukuma kwa kidole gumba ufuate kila kona hadi kwenye mshono wa chini. Uondoe taratibu, uulaze juu ya kadibodi, chora mstari, kata. Sasa una sura ya kizingiti chako mkononi. Fanya hivyo mahali patatu: nyuma tu ya tao la mbele, katikati, na mbele tu ya tao la nyuma, kwa sababu vizingiti vingi hubadilika umbo kadiri vinavyokwenda nyuma. Kadibodi hizo tatu zitie kwenye mgongo wa sketi unayoifikiria, mahali panapolingana, na uangalie mwanga unapopenya. Hata kama sketi bado iko kwa muuzaji, kadibodi unaweza kwenda nazo.

Nafasi ya milimita tatu au nne iliyo sawa njia nzima haina shida, gundi itaijaza. Kinachotakiwa kukusimamisha ni nafasi yenye umbo la kabari, iliyobana chini na kuachama juu. Hiyo maana yake uso wa kizingiti chako umelala kwa pembe tofauti na kile sketi ilichotengenezewa. Utaambiwa kwamba pembe hurekebishwa kwa vibanzi vya kuinulia. Ni kweli, lakini piga hesabu kwanza. Sketi yenye kimo cha milimita 120 ukiizungusha kwa nyuzi tano tu, ukingo wake wa chini unasogea zaidi ya milimita 10. Ukisogea ndani, gari linaonekana limeinama kiunoni. Ukisogea nje, sketi inatokeza kupita bampa na fenda, na kila jicho litaona kwamba kuna kitu cha kuazima. Nyuzi mbili naweza kuzivumilia. Kwa tano natafuta sketi nyingine.

Kuna umbo la pili ambalo wengi hawalipimi kabisa. Ubavu wa gari ukiutazama kutoka juu si mstari ulionyooka. Umebinuka kidogo kama upinde. Weka ubao mnyoofu kutoka ukingo wa tao la mbele hadi wa tao la nyuma juu ya kizingiti, uone unavyokataa kulala. Kisha ubao huohuo uuweke kwenye mgongo wa sketi. Mbinuko wa gari na wa sketi ukitofautiana, sketi ya plastiki itakubali kufuatishwa kwa mkono. Ya faibaglasi haitakubali. Itavutwa na skrubu hadi ikae, ionekane nzuri, na baada ya wiki kadhaa za mashimo ya barabarani rangi itaanza kupasuka kama utando wa buibui kuzunguka kila skrubu.

Umbo likikubali, ndipo tunarudi kwenye kukata. Mkono wa kwanza wa mtu hukimbilia kukata ncha, kwa sababu ndizo zinazogonga tao. Mara nyingi hilo ni kosa. Ncha ndiko mtengenezaji alikoweka kazi yake: mkunjo unaofuata tao, kijisikio kinachoingia ndani ya kinga ya tope, unene unaofanya ukingo usitetemeke. Ukiikata unabaki na bomba lililo wazi ambalo utalazimika kulifunga upya kwa mkono. Sehemu ya katikati, chini ya milango, ndiyo nyoofu na iliyo rahisi kuungana. Toa kipande pale, usogeze nusu mbili zikutane, au ziachanishe uongeze kipande. Utakata ncha ikiwa tu tao la gari lako lina mkunjo tofauti kabisa na la gari la asili, na hapo ujue umejipa kazi ya uchongaji.

Namna ya kuunga inategemea sketi imetengenezwa kwa nini, na jibu huwa limeandikwa mgongoni mwake. Sketi za kiwandani huwa na herufi zilizochapwa katikati ya mishale miwili: ABS, PP, PUR, au mchanganyiko kama PP+EPDM. ABS huyeyuka kwa asetoni. Unga wa plastiki hiyohiyo uliolowekwa kwenye asetoni huwa uji unaounga vipande viwili vikawa kimoja. PP, yaani polipropilini, haiyeyuki kwa asetoni na karibu kila gundi ya kawaida huibandukia; inahitaji kuchomelewa kwa moto na fimbo ya PP yenyewe, na kabla ya rangi inataka praima maalumu ya kushikia. PUR ni poliyurethani, laini, na huungwa kwa gundi ya poliyurethani ya mirija miwili. Zisizo na alama yoyote na zenye mgongo wa nyuzi unaochoma vidole ni faibaglasi, na hizo ndizo rafiki wa fundi: unachonga kingo ziwe nyembamba taratibu, unapiga msasa namba 80 mgongoni, unaweka mikeka ya faibaglasi tabaka juu ya tabaka, kila moja ikipita mipaka ya ile iliyotangulia. Jambo moja ulikatae hata likisisitizwa: kuunga PP kwa resini ya poliesta ya faibaglasi. Itashika leo, na itabanduka ikiwa nzima kama ganda la yai.

Aina ya kitu inaamua pia jinsi ya kufunga, na hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila fundi bodi aifanye mara moja maishani. ABS hutanuka kwa joto takribani mara sita au saba kuliko chuma. Chukua sketi ya mita 1.7. Kati ya alfajiri ya baridi na mchana gari limesimama juani, tuseme tofauti ya nyuzi joto 40, sketi inaongezeka zaidi ya milimita 5, na kizingiti chini yake hakifikishi milimita moja. Hizo milimita nne na ushee lazima ziende mahali. Ndiyo maana ukiangalia sketi ya kiwandani utakuta tundu moja tu la duara, na mengine yote ni marefu kama tundu la kifungo. Lile la duara linashikilia, haya marefu yanaruhusu kuteleza. Ukitoboa matundu mapya kwa ajili ya gari lako na kuyafanya yote duara, kisha ukakaza skrubu zote kwa nguvu, sketi itajikunja mawimbi mchana na kunyooka usiku, hadi siku itakapopasuka. Weka tundu moja la kushikilia, ikiwezekana katikati ili utanuzi ugawanyike pande mbili, na mengine uyarefushe kwa tupa. Faibaglasi hutanuka kidogo ikilinganishwa na ABS, kwa hiyo inasamehe zaidi.

Tepu ya povu yenye gundi pande mbili ni nzuri kwa ukingo wa juu, ule unaokutana na rangi, kwa sababu inaruhusu mwendo kidogo na haihitaji kutoboa. Lakini inataka bodi safi isiyo na nta, isiwe ya baridi, na inafikia nguvu yake kamili baada ya kama saa 72. Asiyekuwa na siku tatu za kuliacha gari asiitegemee. Hata kwa anayezo, tepu isibebe sketi peke yake. Msukumo wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, nguvu inayoivuta sketi imekuwa mara nne. Chini kunahitaji skrubu, riveti au klipu. Na silikoni inayonuka siki uiweke mbali kabisa na gari. Asidi yake hula bati, na rangi haitashika tena palipopakwa.

Kabla ya tundu la kwanza, kizingiti kichunguzwe. Nimewahi kuvua sketi ya gari lililoonekana zima, halina hata doa la kutu nje. Skrubu mbili za mwanzo zilizunguka tu bila kutoka, zimekosa cha kushika. Nilipoivuta sketi ilishuka nzito isivyo kawaida, na kwa ndani ilikuwa imejaa udongo mweusi wenye unyevu, ulioshindiliwa kama matofali mabichi kutoka tao hadi tao. Nyuma yake kizingiti kilikuwa laini. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini bila mimi kusukuma. Aliyeifunga hakuwa amefanya kazi chafu kwa nje. Mistari yake ilikuwa imenyooka. Alichofanya ni kuziba matundu ya maji kwa gundi na kuacha tundu zake za skrubu bati tupu. Tangu siku hiyo sitaki kuona sketi ikifungwa juu ya kizingiti ambacho hakijagongwagongwa kwanza. Piga kwa mpini wa bisibisi kidogo kidogo njia nzima. Bati zima hulia kwa sauti kali. Palipooza husikika pamefifia, kama unagonga kadibodi. Ukipata pamefifia, kazi ya sketi imeahirishwa, kwa kuwa boriti ile inakulinda wewe siku ya ajali ya ubavuni, na sketi haitakulinda.

Ukitoboa, weka kizuizi kwenye keekee isizame zaidi ya milimita chache. Nyuma ya kizingiti, chini ya zulia, hupita nyaya, na chini ya sakafu mabomba ya mafuta na ya breki. Toboa upande wa chini panapowezekana, si usoni. Kila tundu likwanguliwe, lipakwe praima, na baada ya kazi nzima sanduku la kizingiti linyunyiziwe nta ya ndani kupitia matundu yake. Sehemu ya jeki iachiwe mlango: kata uwazi kwenye ukingo wa chini wa sketi mahali palepale, au uandae kifuniko cha kuvuliwa. Siku ya pancha usiku, anayebadilisha tairi ataweka jeki pale anapopaona, na kama anaona sketi tu, ataiweka kwenye sketi.

Kujaribisha kufanyike gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Gari likiwa juu ya stendi bodi hujinyonga kidogo, na bawaba za milango ya gari la zamani zimelegea. Nafasi ya milimita tano uliyoiona juu hewani inaweza kuwa mbili chini. Fungua kila mlango hadi mwisho, uushike kwenye ncha na kuukandamiza, uone kama unashuka hadi kugusa. Kaa watu wanne ndani, urudie. Kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto, na hadi mwisho kulia, ukiangalia tairi la mbele na ncha ya sketi. Haya yote yafanyike kabla ya rangi. Sketi ipakwe rangi ikiwa imevuliwa, mgongo na uso, halafu ndiyo irudishwe.

Kingo nazo zipitie mkononi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 26, inayohusu sehemu zinazotokeza nje ya gari, inataka kingo ngumu zinazoweza kumgusa mtu ziwe na mviringo ambao nusukipenyo chake (rediasi) hakipungui milimita 2.5. Hata mahali ambapo hakuna anayekuja kupima, kipimo hicho ni kizuri: faibaglasi iliyokatwa na kuachwa ilivyo ni kisu kilichowekwa usawa wa goti la mtoto.

Sketi zikishakaa na gundi kukauka, chukua lita moja ya maji uyamwage polepole kwenye mfereji wa mlango, pale juu ya kizingiti, halafu uiname uangalie chini. Yanatakiwa yatoke kwenye matundu ya kizingiti na mwanya wa chini wa sketi, upande wa mbele na wa nyuma, ndani ya dakika chache. Rudia jaribio hilo baada ya mwezi, na tena baada ya mvua kubwa za kwanza. Yasipotoka, ivue sketi siku hiyohiyo.